Uso wa Bibi Velonika kwenye Kifuko cha Penseli

Nilipostaafu, walimu vijana wa shule yangu ya mwisho, kule Mpapura, walinipa doti mbili za vitenge na ombi moja. Walitaka niwaandikie jinsi nilivyofundisha ushonaji miaka yote ile katika shule ambazo hazikuwa na cherehani, hazikuwa na chumba cha kazi, na wakati mwingine hazikuwa hata na sindano. Vitenge nimeshavishona. Ombi ndilo lililonichelewesha, kwa sababu kila nilipokaa kuandika habari za mishono nilijikuta naandika habari za mtoto mmoja. Basi nimeamua kutoshindana naye. Habari za vyeo nilivyoshika wataandika wanaozipenda.

Kwetu ni Njombe. Nilikulia kwenye baridi, na nilipomaliza chuo nilipangiwa kijiji kimoja cha upande wa Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma, mahali ambapo hata maji ya kunywa yanatoka jasho. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilifika nikiwa juu ya lori lililobeba salfa, unga wa kupulizia mikorosho, na mifuko miwili ilikuwa imepasuka njiani. Nilishuka nikiwa wa manjano toka nywele mpaka viatu. Watoto waliotumwa kunipokea walinisalimia kwa adabu, wakanibebea sanduku, na tulipokaribia nyumba ya walimu msichana mmoja akaniuliza kwa upole kama walimu wote wa sayansi kimu huwa wa rangi hiyo.

Sayansi kimu ndiyo hiyo ambayo baadaye iliitwa stadi za kazi. Jina lilibadilika, vifaa havikubadilika. Nilikabidhiwa mkasi mmoja uliokuwa ukitafuna kitambaa badala ya kukikata, na kopo la sindano zilizoshikana kwa kutu. Somo langu la kwanza lilikuwa kitambaa cha meza, kama muhtasari ulivyoagiza. Nilichora ubaoni meza, nikachora kitambaa juu yake, nikaeleza pindo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "kikiisha tutakitandika wapi?" Darasa zima likanisubiri nijibu. Walikuwa wamekaa sakafuni.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu, Bi Somoe. Yeye alikuwa mtu wa Mikindani, mama mtu mzima, mnyamavu, ambaye tangu utotoni alishona kofia za wanaume pamoja na shangazi zake, na vidole vyake viliweza kutoboa tundu dogo kwenye kitambaa na kulizungushia uzi huku akizungumza na wewe habari nyingine kabisa. Alinikuta nimekaa na lile kopo la sindano nikijiuliza nianzie wapi. Akalichukua, akazimwaga sindano kwenye majivu yaliyochujwa, akanionyesha namna ya kuzisugua moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, kisha kuzichoma kwenye kipande cha sabuni ili zisishike kutu tena.

"Mwanangu," akaniambia, "mshonee mtoto kitu atakachokishika kesho asubuhi. Kitambaa cha meza atakishika lini?"

Asubuhi iliyofuata tuliwatazama watoto wakiingia darasani. Penseli walizichomeka kwenye nywele, nyuma ya sikio, kwenye pindo la sketi. Penseli nyingi zilikuwa nusu, kwa kuwa mzazi mwenye watoto wawili alinunua moja akaikata katikati. Nusu penseli ikidondoka kwenye mchanga wa njiani, ndiyo basi, na mtoto alikaa siku nzima akiandika kwa kidole hewani. Hapo ndipo tulipoanza kushona vifuko vya penseli, na sikuacha mpaka nastaafu.

Nitaeleza kwa ufupi, kwa ajili ya wale walioomba. Chukua kitambaa kirefu kuzidi penseli mpya kwa upana wa vidole viwili. Sisi tulitumia marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba cha mifuko ya unga, iliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia, ingawa kuna watoto waliosoma mpaka darasa la saba wakiwa na neno la nembo ya unga ubavuni mwa kifuko. Pamba kitambaa kwanza kikiwa bapa, kabla ya kukiunga. Ukishakiunga, mkono hauingii. Weka bitana ya khanga kuukuu, maana ncha ya penseli hutoboa kitambaa kimoja mara moja. Piga bandi, mishono mirefu ya kushikiza kwa muda tu, kisha shona kwa mshono wa nyuma, halafu kigeuze na kuzisukuma pembe kwa kijiti butu. Zipu tulizifumua kwenye suruali za mitumba zilizokwisha. Zilipokosekana, tulitumia kifungo cha kifuu cha nazi kilichosuguliwa na kutobolewa. Usiwaharakishe kwenye pembe. Mtoto anayejua kugeuza pembe ikatoka kali haogopi kitu kingine katika ushonaji.

Kupamba ndiko walikokupenda. Bi Somoe aliwafundisha mshono wa mnyororo na maua ya petali nne. Wengi walishona maua, wengine samaki, na yupo mvulana aliyeshona korosho yenye bibo lake vizuri kiasi kwamba baba yake alikipokonya kifuko akawa anatilia tumbaku.

Mwaka wa pili aliingia darasa la tatu msichana aitwaye Lusia. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, pengine wa miaka kumi na moja, na alikuwa ametoka ng'ambo ya mto, Msumbiji, alikokimbia vita pamoja na bibi yake. Waliishi wawili tu kwenye kibanda pembeni mwa mashamba ya mihogo. Mama yake hakuwepo. Usiku kijiji chao kiliposhambuliwa watu walikimbilia porini. Mama alirudi kumchukua mtoto mdogo aliyekuwa na homa ndani ya nyumba, na hakuonekana tena. Walimsubiri mtoni mpaka wenzao wakawaambia hawawezi kusubiri zaidi. Bibi alipofika upande huu aliuliza kila aliyevuka, na mwisho aliweka matanga. Nilielezwa hayo na majirani, kwa kuwa Lusia mwenyewe hakuwa msemaji. Kiswahili alikielewa, kukizungumza alikuwa akihofia.

Kwenye ushonaji alikaa na kitambaa chake cheupe mapajani wiki nzima bila kukigusa. Nilimpelekea ua la kuiga. Akaliweka pembeni kwa heshima. Bi Somoe akaniambia nimwache. Siku moja akaja na uzi mweusi aliouchomoa kwenye kaniki iliyochakaa, akashusha kichwa, akaanza.

Wale mnaofundisha mnajua darasa la ushonaji lilivyo na kelele. Siku alipomaliza, darasa lilinyamaza lenyewe, kuanzia safu yake kwenda nyuma, na ukimya huo ndio ulionigeuza mimi niliyekuwa nimewapa mgongo. Kwenye kile kitambaa kulikuwa na mistari iliyokunjika kama mgongo wa samaki, imepangwa pande mbili, inakutana katikati kwenye umbo kama jani la pembe nne; chini yake safu za mafundo madogo madogo, na mstari mmoja upande wa kushoto uliokatika, ukaanza tena chini kidogo ya pale ulipoachia. Nilipitisha kidole. Mistari ilikuwa imeinuka. Alikuwa ametanguliza uzi mwingine chini na kushona juu yake, ili iinuke kama ngozi inavyoinuka kwenye chale. Sikuwa nimemfundisha hilo, na Bi Somoe, ambaye hakuwahi kuficha alichokijua, aliniambia na yeye hakumfundisha.

"Ni uso wa bibi yake," akasema Mwanahamisi aliyekaa naye.

Watoto wawili watatu wakacheka. Bibi yake alikuwa na chale za Kimakonde uso mzima, za zamani, na watoto wa siku zile walishaanza kuziona kama kitu cha kuchekesha. Lusia hakulia. Akaniambia, na hiyo ilikuwa sentensi ndefu ya kwanza niliyoisikia kwake, "Nikiwa mdogo nilikuwa silali mpaka nimpapase bibi uso. Mkono unajua wenyewe."

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwao. Bibi Velonika alikuwa anamenya mihogo. "Kalibu, mwalimu," akasema, akanisogezea kigoda. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo nilipompa kile kitambaa hakukitazama, alikipapasa. Vidole vyake vilikwenda taratibu kutoka pembe hii hadi ile. Vilipofika pale mstari ulipokatika vikasimama.

"Huyu mtoto ameniandika," akasema.

Nikamuuliza kuhusu ule mstari, kama Lusia alikosea.

"Hajakosea. Mimi ndiye niliyetikisika. Mjomba wangu ndiye aliyenichanja, na alikuwa mkali, alisema ukitikisika utabaki na alama ya woga wako. Nikatikisika. Kisu kikateleza. Basi nikabaki nao." Akacheka, na nikaona kwenye shavu lake la kushoto mstari ukikatika palepale. "Watoto wangu wote walikuwa wanaujua. Walikuwa wakinitania."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikifikiri juu ya mikono. Nilikuwa na cheti cha ushonaji na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kidole kinaweza kubeba uso wa mtu kutoka nchi moja kwenda nyingine, na kosa lake pia.

Muhula uliofuata shule zilipeleka kazi za mikono kwenye maonyesho mjini Mtwara. Vita vya ng'ambo vilikuwa vimekwisha wakati huo na watu walianza kurudi kwao. Mimi na Bi Somoe tulipanga vifuko vyetu juu ya mkeka, kile cha Lusia katikati, tayari kimeshaungwa na kutiwa kifungo. Wageni walipita, wakasifu maua. Mchana, mama mmoja aliyekuwa akiuza korosho za kukaanga kwenye ungo alipita mbele yetu, akaenda hatua chache, akarudi. Akauweka ungo wake chini bila kutazama anauweka wapi.

"Nani kashona hiki?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo.

"Mwanafunzi wetu," nikamjibu.

Akakiokota. Kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja upande wa kushoto, kwenye ule mstari. "Hapa. Alikosea?"

"Hapana. Ndivyo alivyotaka."

Yule mama akakaa kwenye mchanga, mbele ya watu, na kanga yake ikamshuka kichwani asiiokote. "Huyu ni mama yangu," akasema.

Nilifungua mdomo, na Bi Somoe akanishika mkono. "Usimtajie mtu yeyote jina," akaninong'oneza. "Mwache aseme mwenyewe. Wenye chale ni wengi, na yule mtoto keshamlilia mama yake. Hatuwezi kumpelekea mama wa kubahatisha."

Alikuwa sahihi. Nikaketi karibu na yule mama, nikamuuliza mama yake alikuwa anaitwa nani. Velonika. Nani alimchanja? Mjomba wake. Na ule mstari?

"Alitikisika," akasema. Kisha akasema kabla sijauliza, "Nilikuwa na binti. Lusia. Alikuwa halali mpaka ampapase bibi yake."

Bi Somoe aliachia mkono wangu. Alitazama upande mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona uzi wa kofia aliyokuwa akiishona ukimponyoka.

Jina lake lilikuwa Telesa. Alituambia kwamba usiku ule alimpata mtoto lakini njia ya kurudi ilikuwa imefungwa, na alikwenda na watu wengine mpaka karibu na mdomo wa mto ndipo akavuka. Yule mdogo alifia njiani. Aliambiwa watu wa kijiji chao walipelekwa kambi ya mbali, akaenda, akazunguka, hakuwakuta. Akarudi Mtwara akawa anabangua korosho za watu na kuziuza. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi umbali wa safari ya lori ya asubuhi moja tu kutoka kwa mama yake. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote na bado sijapata mahali pa kuliweka.

Kesho yake tulipanda naye lori. Alikuwa amekishika kile kifuko kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji. Tulipoanza kuona mashamba, akaniuliza, "Mwalimu, atanikumbuka?" Nilidhani anamzungumzia mama yake. Nikamwambia hakuna mama anayemsahau mwanawe. Akatikisa kichwa. "Mtoto," akasema.

Bi Somoe alitangulia kwenda kumwandaa bibi, kwa kuwa mtu mzima hapaswi kushtushwa. Tulipofika, Bibi Velonika alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwimo. Telesa akapiga magoti mbele yake. Hakuna aliyepiga kelele. Bibi alimwekea mkono usoni, akampapasa paji, macho, kidevu, polepole, mpaka akamaliza uso mzima. Kisha akaanza upya.

"Na mdogo?" akauliza.

"Hakufika, mama."

Halafu bibi akauliza, "Umekula?"

Lusia alikuwa amerudi kutoka kisimani na ndoo kichwani. Alisimama mbali, hakuitua. Aliambiwa huyu ni mama yako, akaamkia, "Shikamoo," kama anavyoamkiwa mgeni. Telesa akaitikia marahaba. Hapakuwa na kukumbatiana. Tuliondoka tukawaacha hivyo, watatu, na Bi Somoe njiani alisema jambo moja tu: kwamba tumeunga, lakini bandi ndiyo kwanza tumepiga.

Siku iliyofuata Lusia alikuja shuleni kama kawaida. Ilipita miezi. Nilisikia kwa majirani kwamba alikuwa akilala upande wa bibi na mama akilala peke yake upande wa mlango. Telesa hakumlazimisha. Alianza kuja shuleni siku za ushonaji, akakaa nyuma ya darasa akijifunza mshono wa nyuma pamoja na watoto, na alikuwa na mkono mbaya mno. Siku moja uzi ulimpiga mafundo akashindwa kuufungua. Lusia alinyanyuka kwenye nafasi yake, akaenda nyuma, akauchukua uzi, akaufungua. Kisha akasema, bila kumtazama, "Mama, usivute hivyo. Utaukata." Telesa hakuinua uso. Mimi niligeuka ubaoni nikaandika kitu, sikumbuki nini, na nadhani hakikusomeka.

Palikuwa na maneno ya kurudi ng'ambo, kwani wengi walikuwa wakirudi. Telesa alitaka. Bibi alisema yeye mto amekwisha kuuvuka na hauvuki tena. Lusia alisema ataondoka akimaliza darasa la saba. Walibishana msimu mzima wa korosho, kama familia nyingine yoyote, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyoonyesha. Wakabaki. Lusia alimaliza shule, akajifunza cherehani mjini, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alifungua chumba chake cha kushonea Mtwara, ambako mama yake ndiye aliyekuwa akipokea wateja na kupima viuno, kwa kuwa sindano hakuiweza mpaka mwisho. Bibi Velonika alifariki kwa utulivu, akiwa na wote wawili pembeni.

Bi Somoe alistaafu kabla yangu akarudi Mikindani. Mimi nilibaki, na kile ninachotaka mkijue, nyinyi mliobaki madarasani, ni kilichotokea baadaye. Watoto waliacha kushona maua. Hakuna aliyewaamuru. Kila mmoja alikwenda kumtazama bibi yake vizuri, pengine kwa mara ya kwanza, akarudi na uso. Nilijifunza kutambua mkono wa mchanjaji huyu na yule kutoka vijiji ambavyo sijavikanyaga. Na mabibi walikuja, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, wakiwasahihisha wajukuu kwa ukali ambao mimi nisingeuthubutu.

Mwaka mmoja alikuja Mzee Bakari, mkulima wa mikorosho, mtu wa swala tano na maneno machache. Binti yake Zuhura alikuwa darasani kwangu. Nilidhani amekuja kulalamika, kwani wapo wazazi waliosema alama hizo ni mambo ya zamani na yaachwe yafe. Akavua kofia, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "Zuhura hakumkuta bibi yake. Mama yangu alifariki nikiwa kijana, na picha hatukupiga. Hawa wengine wanashona wanachokiona. Wangu atashona nini?"

Nikamuuliza kama yeye anaikumbuka sura ya mama yake.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuulizwa."

Nikamkaribisha akae kwenye benchi karibu na binti yake. Zuhura akashika kitambaa na mkaa. Mzee Bakari akafumba macho, akainua kidole, akaanza kuchora taratibu kwenye shavu lake mwenyewe, na binti akawa anafuata kwenye kitambaa. Darasa lote lilikuwa limeacha sindano. Alipita kwenye paji, akashuka puani, akasita, akarudi, akaja upande wa mdomo.

"Shusha kidogo," akamwambia mtoto, macho bado yamefumbwa. "Kidogo tena. Hapo. Hapo ndipo palipokuwa pakikunjika akicheka."